Mgongo Wangu Kwenye Filamu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na miguu ya Mama kabla ya kukuuliza habari zako wewe, na najua hutanuna. Je, uvimbe umepungua? Zile dawa mpya anazimeza kweli, au bado anazificha chini ya mto na kukuambia amemaliza? Na mgongo wako unaendeleaje? Baba watoto amesharudi safari? Mwambie kitinda mimba wako kwamba mama yake mdogo amesikia habari za jino, na kwamba mtu mwenye pengo la mbele ndiye anayepiga mluzi vizuri kuliko wote, kwa hiyo aache kulia, ajifunze mluzi.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naamka. Mvua huku haitaki kukatika, na dari ya chumba imeanza kuvuja upande wa dirisha. Nimetega beseni, na mlio wake nimeshauzoea.

Barua yako niliipata, nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Umenieleza mlivyompeleka Mama sinema, majirani wakambeba na kiti chake mpaka ndani. Umesema alikaa kimya filamu nzima, yeye ambaye hata msibani hawezi kunyamaza, na ilipofika ile dansi ya mwisho akakushika mkono mpaka kucha zikakuingia. Kisha mkiwa mnarudi akakuambia kwamba sasa anaweza kufa bila wasiwasi juu ya mdogo wako, maana ameona kwa macho yake jinsi anavyotazamwa na mumewe. Umesema tangu siku hiyo kila anayeingia kumjulia hali lazima asimuliwe filamu mwanzo mpaka mwisho, na kwamba anataka tuje wote wawili, mimi na shemeji yako, akae katikati yetu. Na wewe mwenyewe ukaniuliza, kwa utani wako ule, shemeji yako namlisha nini hata anitazame vile baada ya miaka yote hii, kwa sababu wa kwako hutazama hivyo sahani tu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu wewe hunikatiza, dada yangu, na mimi nikikatizwa hugeuza maneno. Ningesema tuko salama, tutakuja Mungu akipenda, kisha ningekata na kubaki na jambo lenyewe moyoni. Karatasi haina mtu wa kunikatiza. Basi kaa kitini, na kama Mama yuko karibu, ingia chumbani kwako ufunge mlango.

Kwanza nikueleze tulivyokuwa kabla ya filamu, maana hilo hamkulijua, na hamkulijua kwa sababu mimi mwenyewe nilihakikisha hamlijui. Mimi na shemeji yako tulikuwa tumeshageuka wapangaji wawili wa chumba kimoja. Hatukugombana. Hatujawahi kurushiana hata kijiko. Ananiuliza kama sukari ipo, namjibu. Namuuliza kama amebeba ufunguo, ananijibu. Kila mwisho wa wiki tulikwenda kucheza kule hotelini, akaninyanyua juu ya kichwa chake, wageni wakapiga makofi, halafu tukatembea kurudi nyumbani kila mtu akitazama upande wake wa barabara. Ukituona kwa mbali ungedhani ni watu waliokutana njiani.

Na jambo la pili, nilikuwa nimekauka. Unajua kwamba katika kazi yetu mimi ndiye ninayetunga. Shemeji yako hawezi kutunga hata hatua moja. Lakini chochote ninachokiona kichwani, mwili wake unakifanya kabla sijamaliza kueleza. Na nilichokiona kichwani, kwa miaka yote, kilitoka kwake. Nikimwona anavyosukuma mlango kwa bega mikono ikiwa imejaa mizigo, au anavyorukaruka kwa mguu mmoja akivaa soksi, kitu kinanijia, naacha sufuria jikoni naanza kuhesabu mapigo mezani. Dansi zetu zote ulizowahi kuziona, hata ile tuliyocheza siku ya ndoa yako, zilianza hivyo. Kisha siku moja nikamtazama akivaa soksi, nikaona mtu anavaa soksi. Basi. Nikangoja kesho yake, na kesho kutwa. Sikumwambia yeyote. Hotelini tuliendelea kucheza zile za zamani, tukibadilisha nguo ili wageni wasigundue.

Katika hali hiyo ndipo mwongozaji wa filamu alipotukuta. Ni mzee mfupi, ana sauti kubwa kuliko kifua chake, na kwenye kazi yake watu wote humwita Mzee Kata kwa sababu ndilo neno analolisema kuliko mengine yote: wachezaji wakikosea, kata; mbwa akibweka nje, kata; chai ikija ya baridi, kata. Alitutazama tukicheza, akatufuata nyuma ya jukwaa, akatueleza hadithi yake. Filamu inamhusu mtunzi wa dansi aliyeishiwa, hana jipya, mpaka anapomwona mshonaji anayekuja kurekebisha nguo za wachezaji. Namna yule mwanamke anavyoinama kuokota uzi, anavyoukata kwa meno, inamrudishia kazi yake. Wanapendana. Mwishoni mshonaji anaondoka, na wanaagana kwa dansi. Mzee Kata alitaka sisi ndio tuwe hao wawili, na alitaka mimi nitunge dansi zote.

Nilicheka, dada. Ilikuwa nyumba yetu, imevaliwa tu nje ndani. Kwenye hadithi mwanamume ndiye anayetunga na mwanamke ndiye anayetazamwa. Shemeji yako alifurahi kama mtoto. Akaanza kutembea nyumbani na penseli sikioni, ati anazoea kuwa mtunzi. Nilimwambia penseli ile hata haijachongwa. Tulicheka wote wawili, na nakumbuka nilishtuka kusikia kicheko chetu, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Nilikubali kazi kwa woga. Niliogopa kusema kwamba sina kitu.

Tulifanyia kazi kwenye jengo lililokuwa zamani ghala la samani. Harufu ya vanishi haijatoka mpaka leo, na bati lake jua likiwaka linalia ta, ta, ta, na Mzee Kata anapiga kelele kata. Chini wameweka sakafu ya mbao, na juu ya mbao wamebandika vipande vya tepu nyeupe ili kila mtu ajue asimame wapi. Ukikosea kidogo picha inaharibika. Anayejua kuhusu hayo yote ni mpiga kamera, na mpiga kamera wetu alikuwa mwanamke. Ni mpana wa mabega, nywele amezikata fupi, na shingoni huning'iniza futi ya kupimia kama fundi cherehani. Wenzake wanamwita Kimya. Anaweza kufanya kazi kuanzia asubuhi mpaka jioni na maneno aliyoyasema ukayaweka kwenye kijiko. Kazi yake kabla ya kila picha ni kuvuta ile futi kutoka kwenye jicho la kamera mpaka usoni kwa mchezaji, asome namba, arudi azungushe kifaa chake ili sura isitoke na ukungu. Nakueleza hili vizuri kwa sababu utalihitaji.

Dansi za mwanzo nilizitunga kwa ufundi tu. Mtu akishapika miaka mingi anaweza kupika bila njaa. Nilichukua kipande huku, nikageuza kule, Mzee Kata akasema zinafaa. Hakusema nzuri, na mimi nilijua. Ila ya mwisho, ile ya kuagana, ilinigomea kabisa. Nilijaribu kuwafanya wakimbiliane, ikawa kama watu wanaowahi basi. Nilijaribu aninyanyue, ikawa hoteli ileile. Wenzetu walianza kunikwepa macho. Siku moja Mzee Kata akaniita pembeni, akaniambia maneno ambayo bado yanazunguka kichwani mwangu.

"Mama, sijakuajiri unipe hatua," alisema. "Hatua hata mimi naweza kuzinunua. Nimekuajiri unipe sababu."

Akasema kama wiki ile ingeisha bila dansi, angeifuta, wale wawili waagane kwa maneno wakiwa wamekaa mezani. Nilirudi nyumbani nikajifungia bafuni, nikafungua bomba ili shemeji yako asisikie. Lakini sidhani kama angesikia.

Kisha dansi ilinijia. Ilinijia nzima, mara moja, wakati wa chai. Nitakueleza ilivyonijia, nakuahidi, ila niache nifike hapo taratibu, kwa maana hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Umeiona mwenyewe. Mshonaji anaondoka, mtunzi hawezi kumzuia. Wanacheza katikati ya nguo zilizotundikwa. Kila mtu alitegemea turushane, tuzunguke, tuanguke chini. Mimi niliwapa mwendo mdogo, kama watu wanaotafuta kitu sakafuni, halafu anamshika, wanageuka polepole, polepole, mpaka mwanamke anaipa kamera mgongo, kichwa begani kwa mwanamume. Na mwanamume uso wake unaielekea kamera. Hapo kila kitu kinasimama. Hakuna hatua tena. Ni uso tu.

Siku ya kuipiga hakuna aliyekohoa. Hata bati lilinyamaza. Nilikuwa nimelala begani kwa mume wangu, nasikia moyo wake unavyogonga, na sikuona kitu isipokuwa ukosi wa shati na kipande cha ukuta. Tulisimama pale muda mrefu mpaka nikadhani wametusahau. Mzee Kata hakusema kata. Baadaye walinieleza kwamba alikuwa amefunika mdomo kwa kofia yake, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na neno lake la kila siku limempotea. Picha iliisha yenyewe. Watu walikuja kunikumbatia. Shemeji yako alibaki amesimama kwenye alama yake ya tepu, kama mtu aliyeamshwa ghafla na hajui yuko chumba gani.

Filamu ilipokamilika tulionyeshwa sisi wafanyakazi kwanza, kwenye chumba kidogo chenye viti vya plastiki na kitambaa ukutani. Nilikaa naye bega kwa bega. Ilipofika dansi ya mwisho, uso wake ukajaa kitambaa chote, ule uso aliousimulia Mama kwa majirani, na nikamsikia ameacha kuvuta pumzi. Watu walilia. Mshika taa mmoja, jitu la miraba minne, alilia kwa kwikwi. Shemeji yako hakulia. Taa zilipowashwa alikuwa ameshatoka nje, na njiani kurudi alitembea mbele yangu. Nilimwona mgongo mpaka nyumbani.

Alikaa hivyo siku kadhaa. Alikuwa akisahau chai mpaka inapoa. Kisha Jumapili asubuhi, mimi napiga pasi, akaja akasimama mlangoni.

"Mke wangu, nilijiona," akasema.

Nikamuuliza alijiona wapi.

"Kwenye filamu. Niliuona uso wangu. Ule si uso wa kuigiza. Mimi siwezi kuigiza, wewe unajua kuliko mtu yeyote. Ningejua kuigiza hata kidogo, wewe na mimi tungekuwa tunaishi vizuri."

Niligeuza shati upande wa pili. Akaendelea, akasema nyuma ya kamera kulikuwa na mtu, na yeye alikuwa anamtazama yule mtu. Aliniapia kwamba hajawahi kuzungumza na Kimya zaidi ya salamu, kwamba hata yeye mwenyewe hakujua kama kuna kitu mpaka alipokiona ukutani kikubwa kama nyumba. Nilimwamini, dada. Namwamini hata sasa. Yule ni mtu wa mwili; mambo yake yote huanzia kwenye mwili na kichwa huja baadaye kikihema. Akalia. Akaniomba radhi, akasema amenikosea, hakujua amekosea lini, lakini amekosea. Akasema hawezi kurudi hotelini kuninyanyua juu huku akijua alichokijua, kwamba huo ungekuwa wizi.

Halafu akaniuliza, "Wewe uliona?"

Nilikuwa kwenye kola ya shati lake. Niliipiga pasi ile kola mpaka ikawa kama kadibodi, sikumjibu. Akadhani nimeumia mno siwezi kusema. Akaondoka na mkoba mmoja. Viatu vya kuchezea ameviacha.

Nikueleze na hili, ili ujue lote. Baada ya wiki chache Kimya alikuja kwangu. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama kwenye mvua, ile futi bado iko shingoni, nadhani alisahau kuivua. Nilimkaribisha, nikaweka maji jikoni. Usiniulize kwa nini. Mgeni ni mgeni. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaanza kuongea, na nikagundua kwamba ana sauti nzuri. Akaniambia shemeji yako amemfuata na kumweleza, na yeye amemfukuza. Akasema yeye kazi yake ni kutazama, ametazama nyuso nyingi kupitia lile tundu, na siku ile aliuona ule uso kama kila mtu alivyouona: uso wa mwanamume anayempenda mwanamke aliyemkumbatia. Haikumpita kichwani kwamba ni yeye.

"Nimekuja kukuuliza wewe," akasema, "kwa sababu wewe ndiye uliyetunga. Niambie ukweli, alikuwa ananitazama mimi?"

Dada, hapo mlango ulikuwa wazi. Ningesema hapana tu. Ningesema alikuwa anatazama taa, yule ni mchezaji, mimi ndiye niliyemwambia atazame pale, amechanganyikiwa, atapona. Kimya angeinuka, angeondoka na kwenda kwenye kazi nyingine mji mwingine, na shemeji yako angerudi. Angerudi kwa aibu, lakini angerudi. Naamini hivyo. Mama angepata wote wawili.

Nilimwambia, "Ndiyo. Alikuwa anakutazama wewe."

Akainamisha kichwa. Alijitahidi sana uso wake usibadilike, masikini, alijitahidi kwa heshima yangu. Lakini nilimwona. Alifurahi. Nikammiminia chai. Sasa wako pamoja, nasikia, kwenye nyumba ya kupanga karibu na kituo cha treni, na sina la kuwatukana.

Sasa nifike pale nilipoahidi kufika. Najua umeshaanza kumlaani shemeji yako kwa sauti, na pengine umeshanyanyuka kwenda kumtafutia Mama maneno. Kaa kwanza.

Siku ile ya chai, nilikuwa nimekaa kwenye kreti pembeni, nashona kamba ya gauni langu iliyokatika. Wengine wote walikuwa wametoka nje. Shemeji yako alikuwa kwenye alama yake, na Kimya alikuwa anampima. Alivuta futi kutoka kwenye kamera, akaja nayo mpaka usoni kwake, ncha ya futi ikagusa shavu karibu na jicho. Kimya hakumtazama. Alikuwa anasoma namba. Na shemeji yako alisimama tuli. Wewe unamjua yule mtu. Hata akilala mguu unacheza, tumewahi kuvunja kitanda. Alisimama tuli kama maji kwenye bakuli, na alikuwa anamtazama yule mwanamke anayesoma namba, kwa uso ambao mimi niliwahi kuuona. Niliwahi kuuona zamani sana, mbele yangu, nikiwa na umri wa wale wasichana wako wakubwa.

Nilijua papo hapo. Nilijua kabla yake, nilijua kabla ya Kimya. Sindano ilinichoma kidole na sikuitoa.

Ungetegemea nikuambie kwamba nililia, au nilitaka kumrukia mtu. Maumivu yalikuja, sikudanganyi, yalikuja kama mtu aliyekalia kifua changu. Lakini hayakuja peke yake. Nikiwa bado nimekodoa macho, bado sindano iko kidoleni, dansi ikanijia. Yote. Nguo zilizotundikwa, ule mwendo wa kutafuta kitu sakafuni, kugeuka polepole. Baada ya muda wote ule wa ukame, dada, ilinijia ikiwa imekamilika, na mimi nilikuwa na furaha. Furaha, nakuambia. Nilikuwa nampoteza mume wangu na nilikuwa nahesabu mapigo.

Ule mgeuko haukuja wenyewe. Shemeji yako alitaka mimi ndiye nielekee kamera, aliniambia mara mbili, kwamba mshonaji ndiye anayeondoka, watu watataka kuuona uso wake. Na ni kweli, mchezaji yeyote angesema hivyo. Nilikataa. Nilimwambia asimame kwenye tepu ile, anishike, na akishanigeuza atazame juu kidogo ya kamera, mahali ambapo Kimya hutoa kichwa chake. Nilipapima mwenyewe. Nilijua akimtazama yule mwanamke, uso utakuja, na nilijua kwangu mimi hauji tena. Filamu iliuhitaji. Mimi ndiye niliyemgeuza, dada. Nilimgeuza kwa mikono yangu, nikampeleka mahali ambapo angemwona, nikalaza kichwa begani kwake na kusubiri.

Kama nisingemgeuza, pengine lile jambo lingepita. Mambo mangapi hupita. Filamu ingeisha, Kimya angekwenda zake, yeye angerudi nyumbani kuniuliza kama sukari ipo. Hakujua alichonacho mpaka nilipomwonyesha. Na ameondoka akiamini kwamba mkosaji ni yeye peke yake, na mimi nilimwacha aondoke na imani hiyo, nikipiga pasi.

Nilikwenda kuitazama filamu peke yangu alasiri moja, nikalipa kama watu wengine. Ukumbi haukujaa. Mbele yangu walikaa vijana wawili, msichana na mvulana, na ulipotokea ule uso, msichana akamlalia mwenzake. Mimi sikuutazama uso. Nilitazama mgongo wangu. Kwenye kazi bora niliyowahi kuifanya maishani mwangu mimi ni mgongo tu, na kifungo kimoja cha gauni kimelegea, hakuna aliyekiona. Watu walipangusa macho. Nikatoka kabla taa hazijawashwa.

Nitakuja huko mwishoni mwa mwezi, nikiwa peke yangu. Nilifikiria kukuomba unifichie, umwambie Mama kwamba shemeji yako amepata kazi mbali. Nimebadili nia. Usimwambie lolote, niache nimwambie mwenyewe, nikiwa nimekaa kitandani kwake namkanda miguu. Nitamwambia kwamba hakudanganyika. Alichokiona kilikuwa mapenzi kweli, isipokuwa hayakuwa yangu. Kama ataniona mjinga, acha anione. Ninachoogopa ni kuhurumiwa naye.

Na wewe usinihurumie sana, maana kuna neno moja limebaki, na hili nakuandikia wewe tu. Jikoni, kitandani, njiani, kila ninapokwenda najiuliza swali hilohilo: ningerudishwa kwenye lile ghala, na tepu zile, na nikiyajua yote haya, hiki chumba, hii mvua, Mama na maneno yake kwa majirani, ningefanyaje? Nimejaribu kujibu vingine. Nimejaribu kwa nguvu zangu zote. Ningemgeuza, dada. Ningemgeuza tena.

Nisalimie wote hapo nyumbani, kila mmoja kwa jina lake. Wabusu watoto, mwambie baba watoto namsalimu na azidi kuitazama sahani yake kwa amani. Mama mfunike miguu vizuri jioni, baridi isimwingie. Barua hii ukishaisoma ichome, na usinijibu. Utanijibu nikifika, ukiwa umenikatiza upendavyo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.